Risasi za bunduki nzito za mitutu miwili: kufinya mdomo wa ganda au kuuacha?

Swali lenyewe laonekana dogo. Mtu amemaliza kutia baruti kwenye ganda la .470 Nitro Express, risasi nzito ya kuwindia wanyama wakubwa (namba hutaja kipenyo kwa inchi, kwa takriban), amekikalisha kichwa cha risasi mahali pake, na sasa imebaki hatua moja tu. Aufinye ukingo wa mdomo wa ganda uingie kwenye kijifereji kilichochongwa kukizunguka kichwa, au auache ulivyo, akiamini kwamba shingo ya ganda imekikamata kichwa vya kutosha? Wanaojaza risasi kwa mkono hawajakubaliana. Wapo wanaosema kufinya ni lazima kwa bunduki yoyote yenye teke kubwa namna hiyo. Wapo wanaosema ni kazi bure, kwa kuwa bunduki ya mitutu miwili haina magazini, yaani kisanduku cha risasi za akiba. Mimi niko upande wa wanaofinya. Hata hivyo, sababu zinazotolewa na upande wetu mara nyingi sizo, na anayefinya bila kuelewa kinachotokea ndani ya chemba, ile sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, anaweza kuiharibu risasi kuliko yule asiyefinya kabisa.

Kwanza, bunduki yenyewe. Hii ni silaha inayovunjika katikati, yaani kukunjuka ili ijazwe, kama shotgani, mitutu yake miwili imelala ubavu kwa ubavu, kwa kawaida kila mtutu una kifyatulio chake. Ilikomaa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, baruti isiyo na moshi ilipochukua nafasi ya baruti nyeusi. Mwaka 1898 John Rigby alitoa .450 Nitro Express, na ndani ya miaka michache zikafuata .470, .500, .577 na .600. Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, alipoteremka Mombasa mwaka 1909 kuanza safari yake ya uwindaji, alikuwa na bunduki ya kampuni ya Holland & Holland ya aina hii, zawadi ya watu waliomstahi kutoka Uingereza. Mpaka leo, kwenye vitalu vya uwindaji vya Tanzania, wako wawindaji bingwa wanaoifuata damu ya nyati vichakani wakiwa na .470 au .500 begani. Wanaichagua kwa sababu moja kubwa: risasi ya pili iko tayari, haihitaji kuvutwa komeo, wala haitegemei mtambo wa risasi ya kwanza.

Kujaza kwa mkono nako kulianza kwa shida. Kynoch, kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikizilisha bunduki hizi, ilikuwa imeacha kutengeneza risasi zake kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bunduki zenye thamani ya nyumba zikabaki hazina chakula. Waliotaka kuendelea kuzitumia, hasa Marekani, Australia na Afrika Kusini, wakajifunza kukusanya maganda, kutafuta vichwa vyenye kipenyo sahihi na kujaza wenyewe. Risasi za kiwandani zilirudi baadaye, ila bei yake inamfanya mtu ahesabu kila mlio, na nyingine hazikubaliani na bunduki ya zamani iliyopimwa kwa risasi za wakati wake. Hapa kwetu mambo ni tofauti. Tanzania na Kenya zote zinaitaka leseni kwa mtu anayetengeneza risasi, kwa hiyo ninayoyaeleza ni ya kule ambako sheria inamruhusu mwenye silaha kujijazia. Lakini mwindaji anayetua Dar es Salaam au Arusha na risasi alizojaza kwao anakuja kuzifyatulia huku, na mfuatiliaji wa nyayo anayetembea hatua chache mbele yake anahusika na ubora wa kila moja.

Sasa tuingie kwenye hoja ya magazini, maana ndiyo inayochanganya wengi.

Kwenye bunduki ya komeo, ile ya mtutu mmoja ambayo risasi huingizwa kwa kuvuta na kusukuma komeo kwa mkono, risasi zinazosubiri zimelala ndani ya kisanduku. Bunduki ikipiga teke, kisanduku kinarudi nyuma kwa ghafla, zile risasi zinabaki pale zilipo kwa uzito wake, na ukuta wa mbele wa kisanduku unazigonga puani. Kichwa kinasukumwa ndani ya ganda. Hilo ndilo wanalolifahamu watu wanaotumia .458, risasi nzito ya bunduki za komeo, na ndilo wanalolikumbuka wanaposema kwamba mitutu miwili haihitaji kufinywa: hakuna kisanduku, hakuna cha kuigonga pua. Ni kweli kabisa. Kosa lao ni kuishia hapo.

Ndani ya mitutu miwili kinachotokea ni kinyume chake. Ukifyatua mtutu wa kulia, risasi iliyo kushoto imekaa ndani ya chemba yake, na ule ukingo mpana wa kitako cha ganda umeshikwa kati ya mtutu na uso wa chuma ulio nyuma yake. Bunduki ikirudi nyuma, ganda halina pa kwenda, linarudi nayo. Kichwa cha risasi hakijashikwa na chochote ila shingo ya ganda, na mbele yake kuna nafasi tupu. Ni kama abiria aliyesimama ndani ya daladala bila kushika bomba, gari likarudi nyuma ghafla: miguu inakwenda na gari, mwili unabaki. Kichwa kinataka kubaki pale pale wakati ganda linakimbia kurudi, na matokeo yake ni kwamba kinatoka nje ya ganda, kuelekea mbele.

Nguvu hiyo si ya kudharau, na mtu anaweza kuikadiria kwa hesabu ya kawaida. Kichwa cha .470 kina greni 500, yaani gramu 32.4, na hutoka kwa kasi ya takriban mita 655 kwa sekunde. Ukijumlisha na gesi ya baruti, bunduki ya kilo 5 inarudi nyuma kwa karibu mita 6 kwa sekunde, na inaifikia kasi hiyo ndani ya elfu mbili au tatu za sekunde. Huo ni mchapuko wa zaidi ya mara 200 ya mvutano wa dunia, kwa wastani tu. Kwa kitambo hicho kidogo, kile kichwa cha gramu 32 kinavuta kama kitu cha kilo 7 kilichoning'inizwa kwenye shingo ya ganda, na mgandamizo unapofika kilele chake kinavuta zaidi ya hapo. Kwenye .600, ambayo kichwa chake kina greni 900, bunduki huwa nzito zaidi, kwa hiyo mchapuko haubadiliki sana. Kinachobadilika ni uzito wa kichwa, na mvuto unakaribia kuongezeka maradufu.

Shingo yenye afya inaweza kuhimili mvuto huo. Ndiyo maana wapo waliojaza kwa miaka bila kufinya na hawakuona tatizo. Lakini wengi wao huhesabu teke moja, nami nadhani hapo ndipo hoja yao inapopwaya. Mwindaji aliyezoea mitutu miwili hufyatua kulia kwanza. Mnyama akiyumba au akaanguka, anaivunja bunduki, anabadilisha ile ya kulia tu, anafunga, na kushoto inabaki ilivyo kama akiba. Ikitokea haja, anafyatua kulia tena. Kule kushoto kuna risasi moja iliyovumilia teke mbili, tatu, pengine tangu jana, na kila teke linaanzia pale lilipoishia la mwanzo. Kichwa kilichotoka nusu milimita asubuhi hakirudi chenyewe.

Basi kikitoka, iweje? Mara nyingi hakuna janga. Nafasi ndani ya ganda inaongezeka, baruti inaanza kuungua kwa mgandamizo tofauti kidogo, na kasi ya kichwa inabadilika. Kikitoka zaidi kinaweza kuigusa mifereji ya mtutu, ile iliyochongwa ndani yake ili kukizungusha kichwa, na hapo kinaanza safari yake kikiwa tayari kimekwama. Hali mbaya kuliko zote ni kichwa kukaza ndani ya mifereji huku shingo imelegea: unaivunja bunduki ili utoe risasi isiyofyatuliwa, ganda linakuja peke yake, baruti inamwagika ndani ya mitambo, na kichwa kinabaki ndani ya mtutu. Hutokea kwa nadra mno. Ila bunduki hii watu huinunua kwa ajili ya dakika moja ya nadra, ile ambayo nyati aliyejeruhiwa anatoka kichakani akiwa mita 15 mbele yako, na siioni sababu ya kuacha mwanya huo wazi.

Hata hivyo, asitokee mtu akadhani kwamba kufinya ndiko kunakoshika kichwa. Mshikaji wa kwanza ni shingo. Ganda linapopitishwa kwenye kalibu, yaani chuma cha mashine ya kujazia kinacholipa umbo lake, shingo yake inapunguzwa iwe nyembamba kidogo kuliko kichwa, kwa tofauti ya takriban milimita 0.05 hadi 0.08, na kichwa kinapoingizwa kinaitanua. Ile shaba inayotaka kurudi kwenye umbo lake ndiyo inayobana. Ikiwa shingo imelegea, hakuna mfinyo utakaoiokoa risasi; utakuwa umefunga mlango ambao fremu yake imeoza. Maganda ya .470 ni ghali, kwa hiyo hutumiwa tena na tena, na kila mara yanapofyatuliwa na kupitishwa kwenye kalibu shingo inakuwa ngumu na kupoteza ulaini wake wa kubana. Dawa yake ni kuichoma shingo kwa moto wa kiasi ili shaba ilainike, huku kitako kikilindwa kabisa na joto. Anayejaza maganda ya zamani bila kufanya hivyo, kisha akategemea mfinyo, anajidanganya.

Mfinyo uje baada ya hapo, kama kizuizi cha pili. Na una masharti yake.

Sharti la kwanza ni kijifereji. Vichwa vilivyokusudiwa kwa bunduki hizi karibu vyote huwa na mfereji uliozunguka mwili wake, nao upo kwa ajili ya kupokea ukingo wa ganda. Ukifinya mahali pasipo na mfereji, unakikandamiza kichwa chenyewe. Kwa kichwa chenye moyo wa madini ya risasi na ngozi ya shaba, jambo la ajabu hutokea: madini yale laini yakishabonyea hayarudi, ila shaba ya ganda, yenye uchangamfu kidogo, inarudi nje kwa kiasi fulani ukiachia mkono wa mashine. Ulitaka kubana, umelegeza. Nimewahi kumsikia mtu akijivunia mfinyo wake mzito kwenye vichwa laini visivyo na mfereji, na ukizishika zile risasi ungeweza kukizungusha kichwa kwa vidole.

Sharti la pili ni urefu wa ganda. Ganda la .470 ni la inchi 3¼, karibu milimita 83, na kila linapofyatuliwa hurefuka kidogo. Kalibu ya kufinya haijui habari hizo. Imewekwa mahali pamoja. Ganda refu litafinywa sana, fupi litaguswa tu. Ukikata yote yalingane kabla ya kuanza, mfinyo unakuwa mmoja kwenye boksi zima. Usipokata, una risasi ishirini zenye tabia ishirini.

Sharti la tatu, na hapa ndipo wengi wanapopoteza maganda yao: kukalisha kichwa na kufinya zisiwe kazi ya mkupuo mmoja wa mkono. Kalibu nyingi zinaweza kufanya vyote kwa pamoja, lakini maana yake ni kwamba ukingo unaanza kukunjwa wakati kichwa bado kinateremka. Ukingo unakikwangua kichwa, au unajikita ndani ya mfereji na kulisukuma ganda zima chini. Ganda la .470 ni refu na lina bega, pale mwili wake unapopungua kuwa shingo, na shaba yake karibu na bega si nene. Linavimba pale pale chini ya shingo, uvimbe mdogo ambao jicho halioni ila kidole kinausikia. Kwenye bunduki ya komeo, nguvu ya komeo ingeweza kuisukuma risasi hiyo iingie. Mitutu miwili haina nguvu hiyo: risasi ni lazima itumbukie yenyewe kwa uzito wake. Ikisimama milimita mbili nje, bunduki haifungi. Kwa hiyo kalisha vichwa vyote kwanza, kisha rekebisha kalibu, kisha finya vyote. Halafu kila risasi iliyokusudiwa kwenda porini itumbukizwe ndani ya chemba zote mbili, bunduki ikiwa mahali salama, ikiwa haijaelekezwa kwa mtu yeyote, na itoke kwa ulaini ule ule.

Mfinyo mwepesi una faida nyingine ambayo haitajwi sana. Mdomo wa ganda usiofinywa mara nyingi huwa umebaki wazi kidogo kwa nje, kwa sababu hutanuliwa ili kichwa kiingie bila kukwaruzwa. Ukingo huo hukwama kwenye mlango wa chemba unapojaza kwa haraka, mikono ikitetemeka. Ukigeuzwa ndani, risasi mbili zilizoshikwa pamoja katikati ya vidole zinateleza na kuingia.

Sasa kuna suala la kasi, ambalo kwa bunduki hizi ni zito kuliko kwa nyingine yoyote, na linahitaji maelezo kidogo.

Mitutu ya bunduki hii haiko sambamba. Mbele imekaribiana kuliko nyuma, kwa makusudi. Ukifyatua mtutu wa kulia, teke linaitupa bunduki juu na kuelekea kulia, na kichwa kinatoka wakati mtutu tayari umeanza kusogea. Ukifyatua wa kushoto, unatupwa upande wa kushoto. Fundi anayeipatanisha mitutu huifyatua bunduki, hutazama shabaha, huyeyusha lehemu mbele, husogeza kabari nyembamba iliyo kati ya mitutu, hufyatua tena, mpaka mitutu yote miwili iweke risasi zake pamoja kwenye umbali uliochaguliwa, kwa kawaida kati ya yadi 50 na 100. Kazi hiyo yote imefungwa kwenye kichwa cha uzito fulani kinachokwenda kwa kasi fulani. Kikienda taratibu mno, kinakaa mtutuni muda mrefu zaidi, mtutu unapata nafasi ya kusogea zaidi, na risasi za mitutu miwili zinaachana: ya kulia inakwenda kulia, ya kushoto kushoto. Kikienda kasi mno, kinatoka kabla mtutu haujasogea vya kutosha, na zinapishana.

Kwa hiyo mjazaji wa mitutu miwili hatafuti kasi kubwa, anatafuta kasi ile ile kila mara. Mfinyo unamsaidia hapa. Maganda haya yalitengenezwa yakiwa makubwa kwa ajili ya kordaiti, baruti ya nyuzi nyuzi ya Kiingereza ambayo mgandamizo wake ulipanda kwenye joto la India na Afrika, hivyo mafundi walijiachia nafasi kubwa ya usalama. Baruti za leo zikitiwa ndani ya ganda hilo, nyingine hazilijazi. Fataki, kiwashio kilicho kitakoni mwa ganda, inapowaka, baruti inahitaji kukutana na ukinzani kidogo kabla kichwa hakijaondoka, ili iwake yote kwa mpangilio mmoja. Shingo inayobana sawasawa na mfinyo unaolingana vinatoa ukinzani huo. Palipo na legelege, kasi inapanda na kushuka kutoka risasi moja hadi nyingine, na mwenye bunduki anaanza kuilaumu mitutu yake.

Kuna onyo linaloambatana na hilo. Kubadilisha mfinyo ni kubadilisha risasi. Mtu aliyeshapata kipimo chake kwa risasi zisizofinywa, kisha akaamua kufinya, asichukulie kwamba mitutu itabaki imepatana. Arudi kwenye kiwango cha chini cha baruti katika jedwali la mtengenezaji, apande kwa hatua ndogo huku kronografu ikisoma kasi, na afyatue kulia na kushoto kwa zamu. Tofauti inaweza kuwa ndogo sana. Shabaha ndiyo itakayosema.

Na ugomvi wote huu wa kufinya au kutofinya unaweza kumalizwa na kila mtu kwa bunduki yake mwenyewe, uwanjani, kwa kalipa, kile kipimio cha urefu chenye taya mbili. Chukua risasi uliyoijaza, pima urefu wake wote kutoka kitako hadi pua, andika. Iweke mtutu wa kushoto. Weka nyingine kulia, fyatua. Toa ile ya kushoto bila kuifyatua, pima tena, irudishe. Rudia mara kadhaa kwa risasi ile ile ya kushoto, kwa sababu ndivyo itakavyotumika porini. Ikiwa urefu haujabadilika, risasi zako zinashika, uwe umefinya au hukufinya. Ikiwa umeongezeka hata kidogo kila mara, usipoteze muda kubishana: kagua shingo kwanza, kisha mfinyo. Pua laini ya madini ya risasi hubonyea ikiguswa na kalipa, hivyo ni vizuri kufanya jaribio hili kwa kichwa kigumu, au kutia alama nyembamba ya wino pale ukingo unapokutana na kichwa. Alama hiyo ikionekana imeachana na ukingo, jibu umelipata hata bila kipimo.

Vichwa vya kisasa vya shaba tupu vina habari yake. Vingi vimechongwa mifereji kadhaa mwilini ili kupunguza msuguano mtutuni, na mtu anashawishika kufinya kwenye wowote ulio karibu. Mfereji sahihi ni ule unaolingana na urefu wa risasi uliotakiwa na mtengenezaji wa kichwa hicho. Shaba tupu haibonyei kama madini ya risasi, kwa hiyo mfinyo mzito kupita kiasi unalivimbisha ganda upesi zaidi. Na mwenye bunduki iliyotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza aulize kwanza kama mitutu yake, yenye kuta nyembamba, inastahili vichwa vigumu vya aina hiyo. Hilo lina uzito kuliko mfinyo wowote.

Kwa mitutu miwili yenye teke la wastani, kama 9.3x74R inayopendwa Ujerumani na Austria, sioni ubaya wa mtu kuacha kufinya iwapo shingo zake ni nzuri na jaribio la kalipa limempa jibu. Kuanzia .450 kwenda juu, ningefinya zote: mwepesi, ndani ya mfereji, kwenye maganda yaliyokatwa sawa. Pamoja na zile za mazoezi, ambazo wengine huziacha ili maganda yadumu. Ukingo unaokunjwa na kukunjuliwa hupasuka mapema, ni kweli, na ganda moja la .470 linauma mfukoni. Lakini mitutu inapatana kwa risasi ya aina moja, na ile isiyofinywa unayoifyatulia shabaha Jumamosi inaweza isiende pale itakapokwenda ile uliyoibeba kumfuata nyati.